Mti Mgumu kwa Lipi?

Kwa hesabu ya mvua, mchungwa hauna kazi Mvumi. Nyanda hizi za kati hupata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nazo huja kwa mkupuo, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kisha mbingu hufungwa mpaka mwisho wa mwaka. Mchungwa ukiachiwa unywe kiu yake yote hutaka karibu mara mbili ya hizo, tena hutaka zigawanywe miezi yote. Ndiyo maana machungwa mengi yanayouzwa Dodoma mjini, Majengo na Sabasaba, yamepanda lori kutoka Muheza. Kwa akili ya kawaida, mtu wa Mvumi angepanda mkwaju, akautunza mbuyu uliopo, akalima uwele na karanga, akanunua chungwa lake stendi likiwa limeshamenywa.

Lakini nyuma ya nyumba utalikuta kabila la watu wasiofuata akili hiyo. Bafu limejengwa upande mmoja kwa makusudi ili maji yake yateremkie kwenye shimo fulani. Kuna ua wa miiba uliofungwa mara mbili, na ndani yake mti usiozidi kimo cha mtu, majani ya kijani kibichi mwezi wa Septemba, wakati kila kitu kingine hadi upeo wa macho kina rangi ya vumbi. Ukimuuliza mwenye mti amewezaje, atakujibu neno moja: huu ni mgumu.

Neno hilo nimelisikia sana, na kila nikilisikia nataka kuuliza: mgumu kwa lipi?

Upo mti mmoja katika ukoo wa machungwa ambao duniani kote ukitajwa ugumu ndio unaotajwa kwanza. Uchina ya kati na ya kaskazini ndiko kwao, nao umeenea Korea na Japani. Linnaeus aliuandika katika vitabu vyake mwaka 1763, na leo wengi huuita kwa jina la kitaalamu Poncirus trifoliata. Sisi hatuna jina lake kwa kuwa hatuna mti wenyewe, basi niuite mchungwa wa majani matatu, maana kila kikonyo chake hubeba vijani vitatu badala ya kimoja. Ni mti wa kimo cha chini, wenye vijiti vya kijani na miiba inayoweza kufika sentimita tano, imenyooka na kukakamaa. Matunda yake ni madogo, ya manjano, yenye manyoya laini juu na mbegu tele ndani. Yananukia vizuri, na hayaliki. Ndani ni uchungu, ukakasi na kitu kinachonata kama gundi.

Ugumu wake uko kwenye baridi. Karibu michungwa yote tunayoijua ni ya kijani mwaka mzima, na nyuzi chache chini ya sifuri huiunguza. Huu hupukutisha majani yake yote, unalala kipupwe chote, na ukishalala sawasawa unaweza kuvumilia hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Wajapani wameutumia kwa vizazi kama ua wa nyumba. Huko Korea, katika kisiwa cha Ganghwa, kuna miti miwili mikongwe ya aina hii ambayo serikali inailinda kama kumbukumbu ya taifa. Husemwa kuwa ilipandwa kwenye ngome ili adui akipanda ukuta akutane na miiba yake.

Mkulima wa Mvumi akisikia habari hiyo, masikio yanasimama. Sisi adui wetu ni mbuzi. Mti wa matunda wenye miiba ya urefu wa kidole, unaojua kuvua majani na kusubiri, si ndio tunaoutafuta? Hata mbuyu hufanya hivyo: miezi mingi unasimama mtupu, na hakuna anayeudharau.

Hapa ndipo ugumu unapoanza kuhitaji maelezo. Mbuyu huvua majani kwa sababu ya kiu. Mchungwa wa majani matatu huvua kwa sababu ya baridi. Kwa macho ni tendo moja, kwa mti ni mambo mawili yasiyojuana. Ulete mti huo Ugogo na hutaupa ile baridi inayoulaza, utaupa jua la Oktoba na upepo wake. Mizizi yake inapenda udongo mzito wenye unyevu na uchachu kidogo. Kwenye udongo wenye chokaa majani hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, dalili kwamba chuma kimo ardhini lakini mti hauwezi kukichukua. Na chumvi ndiyo inayoumaliza kabisa. Kati ya mizizi yote inayotumika kubebea machungwa, huu umo miongoni mwa dhaifu kuliko yote kwenye maji ya chumvi.

Na maji ya chumvi si habari ya kuhadithiwa upande huu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikuwa na hofu ya mbuga moja kabla ya kuingia Ugogo, iliyoitwa Marenga Mkali, yaani maji makali. Mapagazi walijaza vibuyu na kukata masafa yale bila kupumzika vizuri. Waliovuka walifika Mvumi, ambako mtemi alikuwa na maji na chakula, akawatoza hongo kwa haki zote. Stanley alipita mwaka 1871 akalipa, akanung'unika kurasa kadhaa. Hadi leo, kisima kikichimbwa Ugogo swali la kwanza la mama mwenye ndoo huwa ladha yake, wingi wa maji huja baadaye. Mchungwa nao huuliza hivyo hivyo, ila jibu lake hulitoa polepole, kwenye ncha za majani, zinapoanza kuungua.

Basi mti mgumu kuliko yote katika ukoo wake ungeweza kufia Mvumi kwa sababu ambazo mwembe wa kawaida usingezijali. Nauleta hapa kwa kazi ambayo dunia imeupa, na kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu.

Mwaka wa 1894 kuingia 1895, baridi ilishuka Florida, Marekani, ikaua michungwa hadi mashina. Mtaalamu wa idara ya kilimo, Walter Swingle, akaanza mwaka 1897 kuchavusha maua ya chungwa tamu kwa chavua ya huu wa majani matatu, akitafuta chungwa la kuliwa lisiloogopa barafu. Matunda aliyopata hayakuwa ya kujivunia mezani. Walioyaonja waliyaacha. Ila mizizi ya chotara hao, na ya baba yao mwenyewe wa majani matatu, ikaja kubeba mashamba ya machungwa na chenza nchi nyingi, kwa sababu ilivumilia magonjwa ya udongo na ule ugonjwa wa virusi uitwao tristeza, ambao kuanzia miaka ya 1930 uliangusha mamilioni ya miti Brazili na Argentina. Zaidi ya baridi, basi, ulikuwa na ugumu wa pili ambao hakuna aliyeutafuta. Tunda lisilolika likawa chini ya machungwa yanayoliwa, nusu mita chini ya macho ya mlaji, na hakuna anayeliuliza habari.

Huku kwetu nafasi hiyo imeshikwa na mlimau mkali, ule wa malimau makubwa yenye ganda la mabonde na vinundu, tunayokamulia supu. Chungwa la Muheza ulilokula jana, kwa uwezekano mkubwa, lilinyonya maji kwa mizizi ya mlimau. Mizizi hiyo huenda chini na kwenda mbali, inakua haraka, inastahimili ukame kuliko mingi, na inaikubali tristeza bila kufa. Pwani yetu imekuwa na jamii hii ya matunda kwa muda mrefu. Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331 akaandika habari za ndizi na malimau. Mwaka 1498, Vasco da Gama alipotia nanga hapo hapo, mfalme alimpelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa, na mabaharia wake walikuwa wakiugua fizi kwa kukosa vitu hivyo hivyo. Kutoka pwani hadi Mvumi ni safari ya miguu ya wiki kadhaa, na mbegu ya limau haina uzito.

Sasa kazi yenyewe.

Kubebesha hufanywa Januari au Februari, mvua ikishashika na maji yanapanda ndani ya miti. Mche wa chini, yaani mlimau, umeshakaa kwenye kiriba mwaka hivi, shina lake likinenepa kama penseli. Fundi ninayemfuata ni mzee mmoja wa hapa Mvumi ambaye hufanyia kazi kibarazani kwake, kwenye kigoda, mguu mmoja ukiwa umenyooshwa. Ukimwamkia "Mbukwenyi" anaitika bila kuinua macho. Anajaribu ganda la mlimau kwa ncha ya kisu; likiachia mti bila kuvuta nyuzi, anaendelea, na likigoma anaurudisha mche kivulini na kusema mvua bado haijamfikia huyu.

Pembeni kuna kitambaa chenye unyevu, ndani yake vijiti vya mchungwa alivyokata asubuhi kutoka mti anaoujua matunda yake. Majani ameyakata lakini vikonyo vyake ameviacha, vimesimama kando ya kila jicho kama vishikizo. Anachana ganda la mlimau mara mbili, mstari wa kulala na mstari wa kusimama, herufi T, kiasi cha shibiri moja na zaidi kutoka kwenye udongo. Kwa mgongo wa kisu anafungua pembe mbili za ganda. Kisha anachukua kijiti, anaingiza wembe chini ya jicho na kutoka nalo juu yake kwa mkato mmoja, jicho likiwa na kipande cha ganda chenye ukubwa wa ukucha. Hapo hashiki kwa vidole upande wa ndani. Anakamata kile kikonyo, anatelezesha jicho ndani ya ganda la mlimau hadi likae, na kufunga kwa ukanda wa nailoni kutoka chini kwenda juu, ili maji ya mvua yatiririke nje ya mafungio badala ya kuingia. Zamani kanda hizi zilikatwa kwenye mifuko ya rambo. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, anakata viriba vikuukuu, na anasema vinafunga vizuri zaidi. Huyu ndiye mtu pekee ninayemjua aliyenufaika na marufuku hiyo akiwa amekaa.

Msichana wa jirani, anayejifunza, alimuuliza siku hiyo, "Babu, mbona unakata juu hivyo? Si tungekata chini mti uwe wote chungwa?"

"Mwanangu, udongo ukifika hapa penye jeraha, mti utalia."

Alikuwa hasemi mafumbo. Mchungwa uliobebeshwa chini mno, au uliofukiwa udongo hadi kwenye kovu, huvamiwa na vimelea vinavyokaa ardhini penye maji. Ganda linaoza na kutoa gundi ya rangi ya asali, matone kwa matone, mpaka shina linazungukwa na mti kufa. Ndiyo maana kovu lazima libaki juu, lionekane, na shimo la maji lisikumbatie shina lenyewe. Mlimau mkali, kwa sifa zake zote, ni dhaifu hapo. Ule wa majani matatu ungepita bila wasiwasi. Kila mzizi una deni lake.

Baada ya wiki mbili hadi tatu mafungio hufunguliwa, na hapo ndipo kile kikonyo kilichoachwa kinatoa ushahidi. Kikiguswa kikadondoka chenyewe, kwa usafi, jicho limeshika. Mti hai ndio unaojua kuangusha jani lake. Kikiwa kimekauka na kung'ang'ania, jicho limekufa, na hakuna maji yatakayolifufua. Nimeona watu wazima wakikisogelea kidole kikonyo hicho kwa woga kuliko wanavyofungua barua ya matokeo ya mtihani. Likishashika, kichwa cha mlimau hulazwa upande au kukatwa, ili nguvu yote ielekee kwenye jicho la chungwa.

Kuanzia hapo kuna ugomvi wa maisha. Mlimau haukukubali kuwa mzizi tu. Kila ukipata nafasi, mti ukitafunwa na mbuzi, ukipigwa na jua, ukisahauliwa mwezi mmoja bila maji, hutoa maotea yake chini ya kovu, yenye nguvu na miiba, na yasipong'olewa mapema hupita juu ya chungwa na kulinyima. Ndipo unaposikia mtu akilalamika kwa uchungu wa kweli kwamba alinunua mchungwa umemgeukia mlimau. Hakuna uchawi. Chungwa lilikufa, mbebaji akabaki.

Kuna kisa cha kale cha Kichina kinachohusu jambo hili, au nadhani kinahusu. Yan Ying, waziri wa dola la Qi miaka kama 2,500 iliyopita, alitumwa kwa mfalme wa Chu. Ili kumwaibisha, wakamletea barazani mwizi aliyefungwa kamba na kutangaza kwamba ni mtu wa Qi. Kwenu, wakamuuliza, wizi ndiyo tabia? Akawajibu kwa mfano wa mchungwa: ukiota kusini ya mto Huai huzaa chungwa, ukihamia kaskazini hugeuka ule mti wa matunda machungu, basi mtu wa Qi hakuwa mwizi kwao, amejifunza Chu. Wenye mimea husema ni mfano wa maneno tu, miti hiyo ni miwili tofauti, na kaskazini baridi huua mmoja na kumwacha mwingine. Mimi kila nikimwona mzee wa Mvumi akikwanyua maotea ya mlimau najiuliza kama hakuwapo mkulima wa kaskazini mwa Huai aliyeshuhudia kwa macho yake chungwa likifa juu na mchungu ukiinuka chini. Sina ushahidi. Ila najua mwaka 1178 Han Yanzhi, mtawala wa Wenzhou, aliandika kitabu kizima juu ya machungwa, na kubebesha kumo ndani yake kama kazi ya kawaida ya kila mwaka.

Kwa mchungwa wa majani matatu ugomvi huu una suluhisho rahisi: oteo lolote linajitaja kwa majani yake, mtoto wa darasa la kwanza anaweza kulitambua na kuling'oa. Kwa mlimau lazima uvunje jani ulinuse. Jani la mlimau lina harufu kali na ya wazi zaidi kuliko la chungwa, na mwenye mti akishaizoea hakosei hata gizani.

Mbegu za miti hii nazo zina tabia inayomfaa fundi kama vile ilitengenezwa kwa ajili yake. Fukia mbegu moja ya mlimau na baada ya wiki tatu au nne unaweza kuona vichipukizi viwili au vitatu vikitoka mahali pamoja. Kimoja huenda kikawa mtoto wa ua na chavua, mwenye tabia ya kubahatisha. Vingine vimeota kutokana na mwili wa mama peke yake na ni mama yule yule tena. Fundi huondoa kilicho tofauti, chenye jani la ajabu, kirefu mno au kidhoofu, na kubaki na wale wanaofanana. Kwa njia hiyo, bila maabara, anapata mizizi mia inayofanana kama pacha. Sharti ni moja: mbegu isikauke. Mahindi na karanga huwekwa ghalani, lakini mbegu ya limau ikianikwa juani siku chache kwa kufuata desturi ya mahindi, imekwisha.

Ukishakuwa na mche, Mvumi inaanza kukuhoji kuhusu maji. Hapa naomba tufanye hesabu, kwa sababu watu wengi hukata tamaa au kupata tamaa bila kuifanya. Mchungwa uliokomaa wenye kivuli cha kama mita mraba 10, katika kiangazi cha hapa, hunywa kwa makadirio lita 30 hadi 40 kwa siku. Siku 210 bila mvua ni lita 6,300 hadi 8,400. Sasa angalia juu. Bati la mita mraba 50, kwenye mvua ya milimita 550, hupokea lita 27,500; toa yanayopotea, bado unabaki na zaidi ya 20,000. Tembe ya Kigogo, nyumba nzuri ya baridi yenye paa la udongo, ilikuwa inakunywa mvua yake yenyewe na haikuwa na tone la kumpa mti. Bati linalotusumbua kwa joto ndilo lililofungua mlango wa mchungwa uani, ilimradi pawepo mfereji na mahali pa kuhifadhia. Hesabu hiyo hiyo inakataza shamba. Miti miwili kwa nyumba moja yenye familia inawezekana, na hekari moja bila kisima cha maji baridi ni ndoto ya mtu aliyekopa.

Maji ya bati hayana chumvi, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko wingi. Ya bafuni na ya kuoshea vyombo nayo husaidia, ila sabuni ina magadi yake, kwa hiyo wenye busara huyabadilisha shimo kwa shimo na kuyapisha mvua ya kwanza iyasafishe. Wengine hufukia chungu cha udongo kando ya mche, shingo ikiwa nje, na kukijaza kila baada ya siku chache. Kinavuja polepole kwa tumbo lake, na mizizi hukifuata na kukikumbatia. Matandazo ya majani huzuia jua lisinyonye unyevu, lakini huita mchwa, na mchwa wa Dodoma hawana adabu. Acha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina. Shina lenyewe lipake chokaa upande wa magharibi, kwa sababu jua la saa tisa alasiri huunguza ganda la mti mchanga hadi likapasuka.

Kuhusu mbuzi sina la kufariji. Mvumi ina historia yake na mifugo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kupambana na makorongo, na mwaka 1986 mifugo ikaondolewa kabisa katika tarafa ya Mvumi, hatua ambayo wazee bado wanaijadili kwa sauti mbili tofauti kutegemea nani alikuwa na ng'ombe wangapi. Ardhi iliota tena. Siku hizi, kupitia kampeni ya Kisiki Hai, watu wanachagua machipukizi kwenye visiki vilivyokatwa zamani, wanapogolea, wanayafunga alama na kuyaacha yawe miti, na mizizi iliyokuwa chini miaka yote inafanya kazi iliyobaki. Ni akili ile ile ya mzee na kisu chake: usianze na kilicho juu. Lakini uani kwako hakuna amri ya serikali. Kuna minyaa, kuna miiba iliyokatwa na kufungwa, na kuna wewe kuamka.

Jambo moja la mwisho kuhusu kiu, kwa sababu ndilo lililonifanya nibadili mawazo kuhusu kama mchungwa unafaa kuwa hapa. Kwenye nchi za baridi, michungwa hutoa maua baada ya kipupwe. Katika nchi zetu kazi hiyo hufanywa na ukame. Mti unapokaa wiki kadhaa na kiu, kisha ukapata maji, baada ya wiki tatu au nne unajaa maua. Wakulima wa Sicilia wamelifanya hilo kuwa ufundi: huinyima milimau yao maji wakati wa joto kwa makusudi, kisha huifungulia, ili ichanue wakati usio wake na kuuza malimau wengine wakiwa hawana. Mvumi haihitaji kuinyima, inanyimwa bure. Mwenye simtanki na uvumilivu anaweza kuuacha mti usinyae kidogo, majani yajikunje mchana na kufunguka jioni, kisha akaamua mwenyewe mwezi wa kuufungulia maji. Akipitiliza, mti utaangusha majani na vitawi vitakufa. Akiogopa mapema, atapata majani mengi na maua machache. Katikati ya hapo hakuna kipimo kilichoandikwa, kuna kuutazama mti saa kumi na mbili asubuhi: jani ambalo halijafunguka saa hiyo limeshavuka mpaka.

Ndugu zetu walio ughaibuni huniuliza wakija likizo kama walete mbegu za ule wa majani matatu, au vijiti vya Flying Dragon, aina yake iliyopinda ambayo hufupisha mti wowote inaoubeba na kuufaa ua mdogo. Wasilete mfukoni. Magonjwa ya machungwa yaliyozunguka dunia mengi yalisafiri kwenye vijiti vya watu wenye nia njema, na anayetaka kweli ana Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ya kuombea kibali. Na akikipata, amtafutie mti huo mlima wenye ukungu na udongo mchachu, huko Lushoto au Njombe, usiku wake ukiwa wa baridi. Kwa Mvumi, nenda Majengo, chagua limau baya kuliko yote kwenye meza, lenye ganda nene la vinundu, lililoiva hadi manjano. Muuzaji atakupendekezea lililo laini, mwambie hapana. Likamue kwenye supu leo hii, na mbegu uzitie kwenye kiriba kabla hujaosha sahani.